Watu wa Maonyesho
(Hotuba juu ya picha ya kimya ya mwaka 1928, iliyosomwa mbele ya wanachama)



Katibu wetu aliponiandikia kuniomba nizungumze nanyi, alitaja sharti moja tu: nisiseme juu ya mishahara, wala likizo, wala nyumba za watumishi, kwa kuwa mambo hayo yana siku zake na kamati zake. Nimelitii sharti hilo. Nimechagua kusema juu ya picha moja ya sinema, picha ya kuchekesha, iliyotengenezwa Hollywood, Marekani, katika mwaka wa 1928, nayo haina hata neno moja linalosikika kinywani mwa mchezaji. Jina lake ni Show People, yaani watu wa maonyesho, wale ambao riziki yao ni kujionyesha mbele ya wenzao. Najua wako watakaonung'unika kwamba sinema ni mchezo wa vijana, haistahili kuchukua saa ya watu wazima. Nawaomba wanivumilie. Picha hii, chini ya kicheko chake, yasema juu ya jambo alijualo kila mtu aliyepata kupandishwa cheo, nalo ni kuionea haya kazi iliyompandisha.

Kwanza yafaa tuelewane juu ya neno hili, kimya. Picha hizo hazikuwa za kimya kwa maana ya kwamba watu walikaa gizani pasipo sauti. Katika majumba madogo palikuwa na mpiga kinanda mmoja, na katika majumba makubwa kundi zima la wapiga muziki, ambao waliifuata picha kwa macho na kuipigia tuni iliyoifaa: ya haraka pakiwa na mbio, ya taratibu pakiwa na msiba. Maneno ya wachezaji yaliandikwa katika vipande vya maandishi vilivyotiwa baina ya picha na picha. Hata mahali pa kutengenezea picha muziki ulikuwapo: wapiga fidla na kinanda waliwekwa kando ya kamera ili mchezaji atakiwaye kulia apate kulia. Na mwongozi wa picha aliweza kupaza sauti wakati kamera inapozunguka, akamwamuru mchezaji ageuke, au aanguke, au atabasamu, maana hapakuwa na chombo cha kunasa sauti ambacho kingeharibiwa na kelele zake. Karani ambaye mkubwa wake humsimamia begani anapoandika atafahamu kazi ya namna hiyo ilivyo.

Tena, watu wa Hollywood walijigawa katika madaraja, kama wafanyavyo watu wa kila kazi. Daraja la juu lilikuwa la picha za mapenzi na majonzi, zenye mavazi ya hariri na majumba ya kifalme. Daraja la chini lilikuwa la vichekesho: watu kuanguka, kufukuzana, kupigana kwa maandazi mapana yaliyojaa malai. Bwana mkubwa wa vichekesho hivyo alikuwa Mack Sennett, aliyeanzisha kampuni yake ya Keystone mwaka 1912, nayo ikafanya kazi katika mtaa wa Edendale, Los Angeles. Huko ndiko alikoanzia Charlie Chaplin katika mwaka 1914, akacheza picha zaidi ya 30 katika mwaka huo mmoja. Sisi tuna neno letu, chale, kwa mtu wa mizaha, na sidhani kama yuko miongoni mwetu anayelisikia asimkumbuke yule bwana mdogo mwenye fimbo na viatu vipana. Walakini jina kubwa halikuliondolea daraja lile aibu yake. Mchezaji wa vichekesho alipata fedha na makofi, lakini heshima aliitazama kwa mbali, ng'ambo ya ukuta.

Basi ukuta huo ndio habari ya picha yetu.

Msichana aitwaye Peggy Pepper anatoka jimbo la Georgia, kusini ya Marekani, katika motokaa chakavu, pamoja na baba yake ajiitaye Jenerali. Amekuja Hollywood kuwa mchezaji mkuu wa michezo ya majonzi. Jambo hilo halina shaka moyoni mwake, wala moyoni mwa babaye. Anapopelekwa mbele ya waandikishaji wa wachezaji, anaonyesha elimu yake: mzee anataja jina la hisia, anaufunika uso wa binti kwa kitambaa, kisha anakiondoa, na tazama, uso umegeuka. Huzuni! Kitambaa kinashuka, kinapanda. Furaha! Nao waandikishaji wanatazama kama makarani wanaopokea ombi la kazi la mia na moja siku hiyo. Sijaona mahali pengine palipoonyeshwa vizuri hivi dhiki ya mtu mwenye cheti kizuri ambaye hakuna anayekitaka.

Kisha anakutana na Billy Boone, kijana wa vichekesho, mwenye kelele, asiyejua kukaa mezani bila kufanya mizaha. Billy anamwambia aje studio kwao, iitwayo Comet, kazi ipo. Hamwambii ni kazi gani. Peggy anafika akidhani kwamba sasa amefika pake. Anaamriwa aingie mlangoni. Anaingia kama malkia, kifua mbele, mikono imetandazwa kama aonavyo inapasa katika majonzi. Ghafula maji ya soda yanampiga usoni, kutoka katika ile chupa yenye mdomo wa kubonyeza. Wote pale wanafurahi sana, maana mshangao wake ni wa kweli, na mshangao wa kweli haununuliwi. Lakini yeye anakimbia, anajifungia, analia.

Nataka tukae kidogo mahali hapa, kwa maana ndipo picha inapoacha kuwa mzaha mtupu. Mchezaji aliyecheza Peggy ni bibi Marion Davies, na kilio chake si kilio cha kuchekesha. Watazamaji tumekwisha kucheka wakati maji yalipompiga. Sasa tunaonyeshwa uso wa yule tuliyemcheka, rangi zimetiririka, nywele zimelowa, na twaona kwamba kwake jambo lile lilikuwa kufedheheshwa. Billy anamfuata. Anamweleza kwamba wakubwa wengi wa Hollywood walipitia humo humo, katika maji na maandazi, na kwamba hana budi kuvumilia. Naye anajipangusa, anarudi, anasimama tena mahali pale pale. Katika picha yote hakuna tendo la ushujaa kupita hilo, nalo halikupigiwa tarumbeta.

Peggy anafaulu. Picha yake ya kwanza inaonyeshwa kwa watu ili kujaribiwa, kama ilivyokuwa desturi ya studio za huko kabla ya kuitoa picha kwa wote, na watu wanacheka hata wanashika mbavu. Nje ya jumba anajiwa na bwana mmoja mdogo, mnyenyekevu, anaomba amtilie sahihi katika kijitabu. Peggy anachukizwa na usumbufu huo, ingawa mwisho anamtilia. Billy anapomwambia jina la bwana yule, Peggy anazirai. Alikuwa Charlie Chaplin mwenyewe, halisi, aliyekubali kuja kuonekana dakika chache katika picha ya watu wengine, bila masharubu yake ya bandia. Picha hii ina wageni wengi wa namna hiyo. Katika karamu moja kamera inapita mbele ya meza ndefu ya nyota wa siku hizo, na Peggy amekaa kati ya Douglas Fairbanks na William S. Hart, hajui aanze kumtazama nani. Tena kuna mzaha mwingine ambao mimi naupenda kuliko huo wa Chaplin: Peggy anamwona mchezaji maarufu akishuka katika motokaa, anauliza ni nani, anaambiwa ni Marion Davies, naye anakunja uso kama mtu aliyeonjeshwa mchuzi usio na chumvi. Ndiyo kusema bibi Davies amejitazama mwenyewe na kujidharau.

Halafu barua inakuja kutoka ng'ambo ya ukuta. Studio kubwa iitwayo High Art, yaani Sanaa ya Juu, yamtaka Peggy, Billy haikumtaja. Wanaagana. Huko anajaribiwa kulia mbele ya kamera, na msichana yule aliyelia kweli kweli siku ya maji ya soda sasa hawezi kutoa hata chozi moja, muziki wa huzuni upigwe usipigwe. Machozi yanapokuja, mwisho, hayazuiliki tena.

Baada ya hapo Peggy Pepper hayupo. Yupo Patricia Pepoire. Jina limepewa mkia wa Kifaransa, na uso nao umepewa namna mpya: anakunja mdomo na kutokeza meno mawili ya mbele kama sungura, akidhani ndivyo wafanyavyo mabibi wakubwa. Watu wa siku hizo walitambua mara moja kwamba hapo anadhihakiwa Mae Murray, nyota aliyesifika kwa midomo yake. Anazungukwa na watumishi, na pembeni yake yuko André Telfair, mchezaji mwenzake, ajifanyaye kabaila. Siku moja kundi la High Art limekwenda nje kupiga picha ya mapenzi penye miti, na kundi la Comet linatokea pale pale likifukuzana. Billy anamwona, anafurahi kama mtu aliyemwona ndugu yake kituoni, anamwita kwa jina lile la zamani. Yeye hamjui. Yaani anamjua, lakini anamtazama kama mtu asiyemjua, jambo ambalo ni zito zaidi.

Nasema wazi kwamba mahali hapo mimi sikucheka. Labda wako humu waliopata kumpita njiani mtu waliyekaa naye meza moja, na wako waliopitwa. Tuendelee.

Adhabu ya Patricia haimjii kwa radhi za baba wala kwa mkono wa Mungu. Inamjia kwa hesabu. Mkubwa wa studio anamwita na kumwambia kwamba watu hawazitaki picha zake. Walimpenda kwa kuwa alikuwa mtu wa kweli, na sasa amekuwa sanamu. Namsifu mwongozi kwa jambo hilo: katika biashara ya maonyesho majivuno hupimwa kwa tikiti, na tikiti hazina adabu. Patricia anakaza shingo, anakubali kuolewa na André. Siku ya harusi Billy anaingia nyumbani, na silaha yake ni ile ile ya kwanza, chupa ya maji ya soda. Anampiga nayo usoni. Kisha andazi la malai linaruka na kumpata bwana harusi. Na katika malai na maji hayo Patricia anaanza kucheka, na akicheka tunamwona Peggy.

Sasa, mabibi na mabwana, mwongozi wa picha hii alikuwa King Vidor, mtu wa Texas, aliyezaliwa mwaka 1894, ambaye alikuwa amekwisha kupata sifa kubwa kwa picha ya vita iitwayo The Big Parade, ya mwaka 1925. Yeye alisimulia baadaye kwa nini msichana anapigwa kwa maji wala si kwa andazi, ambalo lingekuwa jambo la kawaida. Habari yenyewe ina kicheko na ina huzuni.

Bibi Davies alizaliwa Brooklyn mwaka 1897, akaanza kwa kucheza ngoma katika maonyesho ya New York. Huko alipendwa na William Randolph Hearst, mwenye magazeti mengi na mali isiyohesabika, mtu mwenye mke na watoto, ambaye hata hivyo aliishi na bibi huyu mpaka alipokufa mwaka 1951. Hearst aliunda kampuni ya picha kwa ajili yake, na magazeti yake yote yalimsifu asubuhi na jioni. Lakini alitaka mpenzi wake aonekane mtukufu. Alimvika mavazi ya mabinti wa wafalme wa kale, akamtia katika picha nzito za historia, na kipawa chake halisi, yaani kuchekesha, kikabaki cha kuwafurahisha wageni sebuleni, ambako aliwaiga nyota wenzake hata watu wakalia kwa kucheka. Vidor alikiona kipawa hicho, akakitumia kwanza katika The Patsy, kisha katika Show People, zote mbili za mwaka 1928. Ilipofika zamu ya andazi, Hearst alikataa katakata: hakuna mtu atakayempiga bibi Davies usoni kwa andazi. Wakapatana juu ya maji. Na kwa maneno ya Vidor, hata siku ya maji ilibidi Hearst aitwe kwa shughuli mahali pengine ili kazi ifanyike.

Tazameni basi jinsi mambo yalivyo. Hadithi yasema: msichana wa vichekesho alifanywa sanamu ya heshima, akapoteza alichokuwa nacho. Watu walisema kwamba hadithi hiyo ilimlenga Gloria Swanson, aliyepata kucheza kwa Sennett, kisha akapanda kuwa bibi wa majonzi, akaolewa na kabaila wa Kifaransa mwaka 1925. Huenda ndivyo. Lakini mwenye kuicheza alikuwa mwenyewe ndani ya hadithi ile ile, kila siku, na aliyemfunga hakuwa adui, alikuwa mtu aliyempenda. Kwa mapenzi alimnyima andazi. Mimi naona kwamba bibi Davies alilijua jambo hilo vizuri kuliko wote waliokuwapo pale studio, na ndiyo sababu yule Patricia wa meno ya sungura ana makali: hakuwa akimcheka Mae Murray peke yake.

Jina lake lilidhulumiwa hata baada ya hapo. Alistaafu mwaka 1937, na katika miaka hiyo Hearst alipozama katika deni, yeye aliuza vito vyake akampa dola 1,000,000. Mwaka 1941 Orson Welles alitoa picha ya Citizen Kane, juu ya tajiri mwenye magazeti na mwanamke asiye na kipawa anayelazimishwa kuwa mwimbaji, na watu wakashika kwamba huyo mwanamke ni Davies. Alikufa mwaka 1961 akiwa na sifa hiyo mgongoni. Kitabu cha kumbukumbu zake kilipotoka mwaka 1975, Welles mwenyewe aliandika dibaji, akakana kwamba alimchora yeye, na akamsifu kuwa mmoja wa wachekeshaji hodari katika historia ya sinema. Maneno mema, lakini mwenyewe alikuwa amekwisha kufa miaka 14.

Sitaki kuketi kabla sijataja picha nyingine ya Vidor ya mwaka ule ule wa 1928, kwa kuwa inatuhusu sisi watu wa meza na faili. Yaitwa The Crowd, yaani umati. Si ya kuchekesha. Kamera inapanda ukuta wa jengo refu la New York, inaingia dirishani, na ndani mna meza za makarani, safu kwa safu, zote sawa sawa, hata inamfikia mmoja, John Sims, meza yenye namba 137. Kijana huyu anaamini kwamba yeye si kama wengine. Siku moja, akiwa juu ya basi pamoja na mchumba wake, anamwona chini barabarani mtu aliyevaa mavazi ya kichekesho, amebeba tangazo la biashara na kurusha mipira, naye John anamcheka maskini yule. Miaka inapita, mtoto wake anauawa na lori, anaacha kazi kwa ghadhabu, anatangatanga. Na kazi anayoipata mwishoni ni ile ile, mavazi yale yale, mipira ile ile. Anaipokea, na kwa fedha yake anawachukua mkewe na mwanawe kwenda kuwatazama wachekeshaji katika jumba la maonyesho. Aliyemcheza John Sims ni James Murray, ambaye Vidor alimwokota katika umati wa wachezaji wasio na majina. Sifa ile haikumfaa. Alizama katika ulevi, na mwaka 1936 alikufa katika mto Hudson, New York.

Basi ndiye mtu aliyeongoza Show People. Aliyajua yote mawili, mwenye kucheka juu ya basi na mwenye kuchekwa chini.

Mwisho wa picha ni mwepesi, nami naupenda. Peggy, aliyerudi kuwa Peggy, anaanza kazi katika picha ya vita, na mwongozi wa picha hiyo ni King Vidor mwenyewe, amekaa mbele ya kamera badala ya nyuma yake. Peggy amemwomba amwajiri Billy, bila Billy kujua atacheza na nani. Billy amevaa kiaskari, amewekwa katika kijiji cha Kifaransa kilichojengwa kwa mbao. Msichana wa kijiji anakuja kumbusu, na ni yeye. Vidor anaamuru kamera isimame. Hawasikii. Anaamuru tena. Wafanyakazi wanaondoka na taa zao na kamera yao, Vidor naye anakwenda zake, na wale wawili wamebaki katika kijiji kitupu, bado wanabusiana.

Picha hii ilitoka wakati sinema za kusema zilipokuwa zimekwisha kuingia, na kwa hiyo ilitolewa na muziki na vishindo vilivyonaswa, bila maongezi. Baada ya mwaka mmoja au miwili picha za kimya hazikutengenezwa tena Hollywood, ila chache. Mwaka 2003 Maktaba ya Bunge la Marekani iliitia Show People katika orodha ya picha za kuhifadhiwa daima. Inachukua muda wa saa moja na theluthi kiasi, haina neno la kumkwaza mtoto, na asiyejua Kiingereza atahitaji mwenzake wa kumsomea maandishi; illa yale maji ya soda hayahitaji mkalimani.

Bwana Rais, naona mkono wa saa. Mwenye swali aulize.